Mume ana presha, chakula hakiliki: namna ya kupika dagaa, mboga na vitafunwa vya wageni hapa Kigoma bila kumwaga chumvi na mafuta

SWALI: Dada shikamoo. Nipo Mwanga hapa Kigoma mjini, nina mume na watoto watatu. Mume amepimwa kakutwa na presha, ameanzishiwa vidonge na daktari kamwambia apunguze chumvi na mafuta. Nikaanza kupika chukuchuku, dagaa nachemsha na nyanya, matembele nachemsha, mafuta hamna chumvi hamna. Wiki ya pili watoto wakagoma, na baba yao nikaja kugundua anapitia kwa mama ntilie kabla ya kurudi nyumbani. Halafu mwezi ujao tunapokea wageni wa posa ya mdogo wangu, nataka niwawekee vitafunwa vya kuanzia ila sitaki yale mambo ya sambusa na kachori zinazochuruzika mafuta, maana na yeye atakula. Naomba unielekeze, ladha naitoa wapi?

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole sana, na ahsante umeandika kila kitu kama kilivyo mpaka hilo la baba watoto kupitia kwa mama ntilie, kwa sababu tatizo lote liko hapo hapo. Umetoa chumvi na mafuta, hujaweka kitu mahali pake. Na juu ya hapo umechemsha. Dagaa mkavu ukimtumbukiza kwenye maji moja kwa moja shombo yote inaingia kwenye mchuzi, nyanya inabaki na ule ubichi wake, sasa mtu mzima aliyetoka kazini unamwambia ale hicho mwaka mzima? Hawezi. Atakula nje, na huko nje hakuna anayempimia.

Nalisema hili kwa uchungu kwa sababu nimeliona kwetu. Baba yangu alipoambiwa ana presha tulikuwa tunakaa Ujiji, mama akaondoa chumvi siku ileile, kabisa, hata chembe. Baba hakulalamika, alikuwa mpole. Baadaye sana ndo tukakuta kikaratasi cha chumvi kwenye mfuko wa koti lake, alikuwa anajinyunyizia mwenyewe tukiondoka mezani, na anajinyunyizia bila kipimo. Alikuja kupooza mkono wa kulia. Siwezi kusema ni chumvi ile peke yake, na vidonge pia alikuwa anaviruka, ila tangu hapo kila mtu ninayemfundisha kupika namwambia usimwondolee mgonjwa ladha, mwondolee chumvi taratibu huku ladha unaiongeza kwa njia nyingine. Na vidonge ameze kama alivyoandikiwa, chakula kinasaidia dawa, hakikai badala yake.

Tuanze na kipimo maana wengi tunapunguza kwa macho. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, hiyo ni kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na ni kwa kila kitu alichokula siku nzima, siyo kwa sahani moja. Nyumba ya watu 5 kama yako, pakiti ya nusu kilo haitakiwi kuisha kabla ya siku 20, na hapo nimewahesabu watoto kama watu wazima wakati wao wanatakiwa wale kidogo zaidi, na nimehesabu kana kwamba hakuna anayekula chumvi nyingine barabarani. Kwa hiyo fungua pakiti mpya, andika tarehe juu yake kwa kalamu, pika kama ulivyokuwa unapika zamani kabla ya hii chukuchuku, uone inaisha lini. Ukishajua, punguza robo, kaa hapo wiki moja mbili, punguza tena. Ulimi unazoea, unachukua wiki kadhaa tu, na ukishazoea kile chakula cha zamani chenyewe utakiona kimezidi.

Afu kuna chumvi ambayo watu hawaihesabu kama chumvi. Vile vidonge vya mchuzi na viungo vya paketi, sehemu kubwa ni chumvi, ukiweka kidonge usiweke chumvi tena, na mimi ningekuomba uviache tu. Samaki wa chumvi. Mkate. Na magadi! Huku kwetu tunatia magadi kwenye maharage, kwenye mlenda, kwenye kisamvu ili kilainike haraka, mama wa watu anasema mimi chumvi nimeacha kumbe magadi anajaza kiganja cha mkono. Kile kitu kwenye chumvi kinachopandisha presha kimo na kwenye magadi, na juu ya hapo magadi yanaua vitamini za mboga. Kuna wanaoamini pia chumvi ya mawe ni salama kwa presha kuliko ya dukani. Hapana, chumvi ni chumvi, itoke Uvinza itoke baharini, wewe angalia tu iwe imetiwa madini joto.

Sasa ladha. Mimi naipata kwenye moto mkavu, kwenye kitunguu kilichoivishwa kwa subira, na kwenye uchachu wa mwisho, na ukiyashika hayo chumvi inakuwa kitu cha kumalizia tu. Nikupe dagaa wako nikuonyeshe, maana ukimweza dagaa umeweza nusu ya jiko la Kigoma.

Ukienda Kibirizi au sokoni chagua dagaa wanaong'aa fedha, waliokaushwa kwenye chanja, wasiwe wale wa njano njano wenye harufu ya mafuta yaliyochacha, na ukiwakamua mkononi wasitoe unga mwingi. Waliokaushwa chini mchanga hauishi. Waloweke kwenye maji ya vuguvugu dakika 5 hivi, wapekeche kwa vidole, mwaga, rudia mara tatu au mpaka ukipapasa chini ya beseni husikii chenga. Wale wakubwa toa kichwa na utumbo maana uchungu uko huko, ila miba yao iache, ndo chokaa ya mifupa ya hao watoto wako. Watandaze juani kidogo au wafute na kitambaa wakauke. Halafu, na hapa ndipo watu wengi wanaporuka, weka kikaango kikavu kwenye moto wa mkaa mdogo, bila tone la mafuta, mimina dagaa na uwe unageuza geuza na mwiko dakika 7 mpaka 10, utasikia wameanza kulia kwenye kikaango kama majani makavu na harufu imebadilika kutoka shombo kuwa harufu ya kitu kilichochomwa. Hapo watoe weka pembeni. Hiyo peke yake imekupa ladha ambayo hata vidonge vya mchuzi vitatu haviwezi kukupa.

Kwenye kikaango hicho hicho weka kijiko kimoja cha chakula cha mafuta, pima kwa kijiko usimimine kwa dumu, tia vitunguu viwili vikubwa ulivyokata vyembamba, funika, moto mdogo. Vitatoa maji yake vyenyewe. Vikianza kushika chini usiongeze mafuta, nyunyiza maji vijiko viwili, kwangua ile iliyoshika irudi juu, acha ishike tena, nyunyiza tena. Fanya hivyo mara tatu nne mpaka kitunguu kiwe rangi ya chai na kitamu kabisa, ni robo saa hivi, usiharakishe. Ndo unaweka tangawizi na swaumu ulivyotwanga, binzari nyembamba kidogo, dakika moja tu, afu nyanya nne mbivu. Nyanya ipike mpaka ikauke na iachane na kikaango, ukiona bado inachuruzika maji haijaiva, na uchachu mbichi wa nyanya ndo unaomfanya mtu aombe chumvi. Ukipenda weka vijiko vitatu vya karanga ulizochoma ukatwanga, zile zinazoshuka na treni kutoka Tabora ni nzuri sana, zinaleta uzito na mafuta yake yenyewe, kwa hiyo huhitaji kuongeza mengine. Maji nusu kikombe, rudisha dagaa, pilipili nzima moja usiipasue, dakika 5. Chumvi inaingia sasa, mwisho, nusu kijiko cha chai kwa sufuria nzima ya watu 5. Ukiitia mwanzo inapotea ndani na mwisho unaongeza tena, ukiitia mwisho ulimi unaikuta juu juu, kidogo kinaonekana kingi. Epua, kamulia ndimu, rushia giligilani. Mpe baba watoto huyo na ugali wa muhogo afu uniambie kama atapitia tena kwa mama ntilie.

Najua utauliza mawese, maana Kigoma huwezi kuzungumza mafuta bila mawese. Mimi siyo wa kukwambia uyaache. Ule wekundu wake ndo chanzo cha vitamini A mwilini, na kwa watoto ni kitu kikubwa sana, macho yale, kinga ile. Lakini karibu nusu ya mafuta yake ni yale yanayoganda, yanayopandisha kolesteroli mbaya, na kijiko kimoja cha chakula cha mafuta yoyote kina kalori kama 120, kwa hiyo kwa mwenye presha mawese yapimwe na yasiwe ya kila sufuria. Nayaona mawese kama kiungo, kijiko kimoja au kimoja na nusu kwenye sufuria ya mboga, mara mbili tatu kwa wiki, siku nyingine alizeti. Na tafadhali mdogo wangu, ile tabia tuliyorithi ya kuyachoma mawese mpaka yanakuwa meupe na jiko zima linafuka moshi, iache. Najua inafanywa kuondoa harufu, mama yangu naye alifanya hivyo miaka yote. Ukiyafikisha kwenye weupe umeunguza ule wekundu, yaani vitamini umeipeleka darini na umebaki na mafuta tu. Kama mawese yako yana harufu kali mpaka unalazimika kuyaunguza basi yamechacha, nunua mapya kidogo kidogo kwa chupa badala ya dumu la miezi mitatu, yaweke kwenye giza yakiwa yamefunikwa. Mazuri yanapashwa moto mdogo tu, kitunguu kinaingia kabla hayajatoa moshi.

Matembele na mchicha dakika 4 au 5 zinatosha, kitunguu, kijiko cha mawese (mafuta kidogo lazima yawepo, vitamini A bila mafuta mwili hauichukui vizuri), na ndimu ukishaepua, siyo jikoni, kwa sababu moto unaua vitamini C na hiyo vitamini C ndo inayosaidia madini ya chuma ya mboga na maharage kuingia kwenye damu. Kwa hiyo hiyo sababu chai isinywewe pamoja na chakula, subirini kama saa moja. Sombe ni habari nyingine, yenyewe usiifupishie kabisa, kisamvu kina sumu yake, twanga vizuri, chemsha bila kufunika nusu saa au zaidi ndo uanze kuunga, na kikishalainika kwa kutwangwa na kuchemka hakidai magadi.

Maharage ya Kasulu na Buhigwe yanaiva vizuri bila magadi ukiyaloweka usiku kucha na kumwaga yale maji, asubuhi yachemke kwa nguvu angalau dakika 10 za mwanzo kabla hujapunguza moto, na nyanya na ndimu visiingie mpaka yalainike, uchachu unayafanya yawe magumu. Ukiyaponda robo ya sufuria na kuyarudisha mchuzi unakuwa mzito kama umetia nazi.

Kuhusu kitoweo kibichi, panga kwa kufuata mwezi wa angani. Unajua mwenyewe siku za mbalamwezi wavuvi wa taa hawapati kitu ziwani, dagaa wabichi na migebuka vinaadimika bei inapaa, na mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kabisa kwa uvuvi miezi mitatu, kuanzia katikati ya Mei mpaka katikati ya Agosti, ili samaki wazaliane. Nyumba iliyokuwa na sado mbili za dagaa wakavu wazuri haikuhangaika. Kwa hiyo nunua siku za giza ambazo mbalamwezi haipo, wengi na wa bei nafuu, kausha tena mwenyewe siku moja, hifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko.

Haya, wageni wa posa. Hapa nitakuwa muwazi, mimi ningeweka vitu vinne tu vizuri kuliko sinia kumi za kukaanga. Cha kwanza ni dagaa hao hao, ila wale wadogo, umewakaanga kavu mpaka wanavunjika mdomoni, unawaepua wakiwa bado wa moto unawanyunyizia ndimu kidogo, pilipili ya kusaga na binzari nyembamba, unawarudisha kwenye moto dakika mbili unyevu uondoke, unachanganya na karanga zilizochomwa bila chumvi. Mpe mgeni wa kutoka Dar huyo kwenye kibakuli na maji ya ukwaju pembeni, nimeona watu wakiomba wafungiwe wakaondoke nao.

Cha pili mishikaki ya sangala. Kata vipande vya ukubwa wa kidole gumba mara mbili, paka tangawizi, swaumu, pilipili, mtindi vijiko vitatu, giligilani, kaa nusu saa. Ndimu usiilaze humo, samaki akikaa kwenye ndimu muda mrefu nyama inakuwa kama imeshaiva na ikipata moto inabomoka na kukauka, ndimu inakuja mezani. Chomeka na hoho na kitunguu, paka wavu mafuta kwa kitambaa, banika kwenye mkaa uliokwisha kuwa mwekundu bila ndimi za moto, dakika 3 upande huu 3 upande huu. Vijiti viloweke kwanza visiungue. Kama sangala bei imekushinda siku hiyo, chukua migebuka mizima, ichanje chanje ubavuni, ipake viungo hivyo hivyo, ibanike, uikatekate vipande ndo upeleke. Samaki mzima na ngozi yake hadai mafuta.

Sambusa nazo usiwanyime, watu wanazitegemea kwenye shughuli. Ila zioke. Jaza maharage yaliyopondwa na karoti au nyama isiyo na mafuta, kunja manda kama kawaida, zipake mafuta juu kwa brashi au kwa unyoya wa kuku ulio safi kama bibi zetu, panga kwenye trei. Kama huna oveni tumia sufuria kubwa, mchanga mkavu chini, kisahani cha bati juu ya mchanga, funika, mkaa chini na mkaa juu ya mfuniko, ile ile ya kuokea keki. Dakika 20 mpaka 25, ukizigeuza mara moja. Zinatoka kavu na zinalia ukizivunja, na mafuta yaliyotumika kwa sambusa 30 ni vijiko vitatu. Kwenye karai la mafuta, hasa mafuta yaliyokwisha kukaangia vitu juzi na jana, huwezi hata kujua zimenyonya kiasi gani.

Cha nne ni cha kuburudisha mdomo: muhogo mtamu uliochemshwa ukachomwa kidogo kwenye mkaa mpaka upate madoa, ukatwe vijiti, pembeni uweke parachichi lililopondwa na ndimu, kitunguu kidogo, pilipili na giligilani badala ya ile chachandu ya dukani ambayo ina chumvi na sukari humo humo. Maparachichi yanashuka mengi kutoka Kasulu, chagua linalobonyea kidogo kwenye kitako cha kikonyo. Na kachumbari ya embe bichi na tango kama msimu unaruhusu.

Kitu kimoja cha tahadhari. Ukiambiwa dukani kuna chumvi maalumu ya wenye presha, usimnunulie bila kumuuliza daktari wake, zile nyingi zimewekwa potasiamu na mtu mwenye shida ya figo au anayemeza aina fulani za vidonge vya presha inaweza kumletea matatizo ya moyo.

Siku yenyewe, dagaa na karanga fanya jana yake uziweke kwenye kopo kavu, manda na kijazio cha sambusa pia jana yake. Asubuhi chemsha muhogo. Wageni wakikaribia washa mkaa mara mbili, mmoja wa sambusa mmoja wa mishikaki, samaki apande wavuni watu wakiwa wameshakaa na kupewa maji, siyo kabla, na parachichi na kachumbari uviunge ndimu na chumvi yake kidogo dakika ile unayovipeleka, kwa sababu kachumbari ikikaa na chumvi inatoa maji na utalazimika kuiongezea nyingine.